Tembe la Bibi na Tofali za Zakaria

Mwaka huu tumemzika baba mdogo Zakaria kule Iringa. Nilitoka Mbeya na basi la alfajiri, nikafika wameshatoa jeneza nje, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu. Kijana mmoja wa kanisani akasimama kusoma habari za marehemu: kuzaliwa, kubatizwa, kufunzwa uashi misheni. Akafika mahali akasoma kwamba marehemu ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kumtoa mzazi wake kwenye tembe na kumjengea nyumba ya tofali. Watu wakaitikia, "Kweli, kweli." Mama mmoja pembeni yangu akafuta machozi. Mimi yangu yalikauka palepale. Nikatazama huku na huku nimwone mtu mmoja tu ambaye angenitazama na yeye, tujue tunajua. Hakuwepo. Bibi alikufa zamani. Shangazi Sekunda kafa. Longino, nyapara wa mzungu, kafa na ng'ombe wake wakauzwa. Mzungu mwenyewe alirudi kwao. Katika wale waliokanyaga udongo wa tembe lile nimebaki peke yangu, na shule yangu iliishia darasa la pili. Msibani sikusema kitu, maana marehemu hasutwi mbele ya jeneza. Lakini kuandika sikukatazwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi msichana wa kuvunja ungo juzijuzi, ninakaa na Bibi. Nyumba ya Bibi ilikuwa ndani ya ranchi. Mtu wa leo atauliza nyumba ya Mhehe iliingiaje ndani ya ranchi ya mzungu, nami nitamjibu kwamba haikuingia. Ranchi ndiyo iliyoizunguka. Bwana yule tulimwita Bwana Soksi, kwa sababu alivaa soksi ndefu mpaka magotini hata jua likiwaka. Alipopewa eneo lile watu walihamishwa, huyu huku, huyu kule, uzio ukapita. Akabaki Bibi. Babu alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba, na Bibi alimwambia Bwana Soksi mbele ya watu kwamba yeye hahami, akitaka ampitishie ng'ombe juu yake. Bwana Soksi alicheka. Hakuwa mtu mbaya kuliko wenzake, tatizo lake ni kwamba neno lake lilikuwa sheria na yeye alilitoa kama mtu anayerusha mfupa. Akasema, na Longino akatafsiri ingawa wote tulikuwa tumeelewa: "Mama mzee kaa nyumba yake. Nyumba hii ikisimama, yeye kaa. Nyumba ikianguka, yeye kwenda kama wengine. Nyumba mpya hapa hapana." Hayo ndiyo maneno yote. Hayakuandikwa mahali. Bibi aliyashika kama mtu anavyoshika amri za Mungu, na tangu siku ile alianza kulitazama tembe lake kama unavyomtazama mgonjwa.

Wasiojua tembe huwa wanalicheka. Ni nyumba ndefu, fupi kwa kimo, na juu haina mgongo. Paa lake ni bapa, udongo mtupu juu ya nyasi, nyasi juu ya fito, fito juu ya boriti, na boriti zimebebwa na nguzo ambazo babu alizikata huko msituni kabla mama yangu hajaolewa. Mlangoni unaingia umeinama. Ndani kulikuwa na giza la rangi ya asali, na ubaridi wake mchana ulikuwa kama wa mtungi. Upande wa kushoto palikuwa na vihenge vya mahindi na ulezi, katikati mafiga, upande wa pili kitanda cha Bibi cha kamba na ngozi. Ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi unang'aa kwa moshi, ukipitisha kidole kinateleza. Usiku wa baridi ya mwezi wa sita, baridi ya Iringa inayouma masikio, sisi tulilala bila kujikunja. Jioni tulikula ugali na maharage au majani ya maboga, na maziwa mgando yakiwepo, Bibi anakula polepole macho yameelekea juu, kwenye boriti. "Ile pale imeshuka," anasema. Mimi nasema, "Haijashuka Bibi, ni moto unacheza." Yeye anasema, "Mimi nimelala chini yake kabla baba yako hajajua kukaa. Imeshuka."

Na kweli ilikuwa imeshuka. Mvua za mwaka ule zilipokwisha, kona ya magharibi ililegea, udongo wa paa ukawa unadondoka kwenye chungu. Shangazi Sekunda, binti yake Bibi, alikuja kutoka alikoolewa akapanda juu mwenyewe, nguo kaifunga kiunoni. Akashuka akasema nguzo za kona ile zimeliwa na mchwa miguuni, zilizobaki ni nzima kama chuma. Tukapika pombe, tukaita mgowe. Mgowe ni kazi ya kusaidiana. Unaita majirani, wanafanya, wanakunywa, siku nyingine wanakuita wewe. Wakaja hata wale waliohamishwa, wakapitia chini ya uzio. Wanaume wakakata nguzo mpya na kuzitia moja moja, ukitoa ya zamani unategemeza boriti kwa mti, unaingiza mpya, ndipo unakwenda nyingine, maana tembe halivumilii kuachwa wazi. Sisi wanawake tulikuwa na udongo. Tulichanganya udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe na majivu, tukaupandisha juu kwa vikapu na kuukanyaga kwa miguu, tunakwenda mbele na kurudi nyuma tukiimba. Bibi chini anaamrisha: "Huyo wa mwisho anacheza ngoma, hakanyagi. Wewe Ade, una miguu ya bata, tumia." Watu wananicheka. Sijawahi kufurahia kazi kama ile, kabla wala baada. Nimefanya biashara sokoni Mbeya miaka mingi, nimejenga na nyumba, lakini furaha ya kukanyaga paa la Bibi juu, ukiona bonde zima na moshi wa nyumba za mbali, haijarudi.

Kona ya magharibi ikapona. Ilibaki kupiga lipu ukuta wa mbele na kuongeza udongo upande wa vihenge. Ni hapo alipokuja Zakaria.

Alikuja na baiskeli ya misheni, viatu miguuni, na nyuma ya baiskeli kafunga kibao cha kufyatulia tofali. Alikuwa kitinda mimba wa Bibi, na Bibi alimpenda kuliko watoto wake wote, naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alipoinama kuingia, kichwa chake kilichopakwa mafuta kikagonga kizingiti. Akatoka nje, akajipangusa masizi, akatazama wanawake waliochafuka mavi ya ng'ombe mpaka viwikoni. "Kamwene mama," akamsalimu Bibi, halafu kabla hata hajakaa: "Mpaka leo mnapaka kinyesi?"

Shangazi Sekunda akamjibu, "Ulilelewa ndani ya kinyesi hiki hiki, hukufa."

"Dada, mimi sikuja kugombana. Nasema tu. Padri akija kumpa mama sakramenti atainama kama anaingia banda la mbuzi?"

"Padri akija kwa ajili ya Mungu, ainame," akasema Shangazi. Bibi akacheka, akamwambia Zakaria akae, akamletea togwa. Mambo yangeishia hapo. Yangeishia hapo kabisa, kama Longino asingekuja kula kwetu Jumapili ile.

Habari za Longino nitazieleza. Alikuwa nyapara wa ranchi, mtu wa huko huko kwetu, mnene wa shingo, kofia ya Bwana kavaa yeye. Bwana Soksi alikuwa amekwenda Ulaya likizo, na miezi ile bonde lote lilikuwa mikononi mwa Longino. Kila mtu alijua kwamba ndani ya ng'ombe wa Bwana kulikuwa na ng'ombe wa Longino wakila majani ya Bwana, na maji mazuri ya kunyweshea yalikuwa chini ya nyumba ya Bibi, na Bibi alikuwa na macho mabovu lakini ng'ombe wa mtu aliwajua kwa sauti ya kengele. Alikwisha kumwambia, "Longino, yule mwekundu si wa mzungu." Basi siku ile tulichinja kuku kwa ajili ya Zakaria. Nikapakua. Zakaria akachukua firigisi, ambayo kwa haki ilikuwa yake, akamwekea Longino kwenye ugali. Nilikuwa nanawisha mikono, nikasikia kila neno.

"Fundi Zaka," Longino akasema huku anatafuna, "wewe ndiye mtu tuliyemngoja. Mzungu nimekaa naye mimi, namjua. Mzungu haheshimu udongo. Akiona tofali anajua hapa pana mtu."

"Lakini alisema nyumba mpya hapana," Zakaria akasema.

"Alisema kwa watu wa vibanda. Wewe unajenga kibanda?"

"Mimi? Mimi nimejenga nyumba ya masista."

"Basi. Mahali ni pale pale, mama ni yule yule. Ni nyumba ile ile imevaa nguo safi. Bwana akirudi mimi ndiye nitakayemweleza."

Shangazi Sekunda alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Akasema bila kuinua uso, "Longino, ukimweleza, umweleze na yule mwekundu ni wa nani." Longino akacheka kwa mdomo tu. Zakaria akamkaripia dada yake kwamba anamvunjia mgeni heshima. Nimeishi na maneno yale ya nguo safi miaka yote hii. Mtu aliyeyasema alijua anachosema, na aliyeyasikia alitaka kuyasikia. Sijui nimchukie yupi zaidi, na nimekuwa nikibadilisha kadiri ninavyozeeka.

Bibi alisemaje? Bibi alikataa. Alikataa kwa upole, kama unavyomkatalia mtoto kisu. "Nitengenezee mlango, mwanangu, kama unataka. Paa niachie." Zakaria akachukua kibao chake. Akaanza kufyatua tofali kule kwenye maji, akasema ni za jiko. Akapanga tanuri, akalichoma, moshi ukaonekana mbali. Tofali zilikuwa nyingi mno kwa jiko, hata mimi nisiyejua hesabu niliona. Kisha akasema macho ya mama yanamsikitisha, masista wana dawa, akae huko misheni wamwoshe mpaka apone. Shangazi akaondoka naye Bibi, ndiye aliyemshika mkono njiani. Mimi niliachwa niwapikie mafundi aliowaleta Zakaria.

Kesho yake walipanda juu na majembe. Nikatoka na mwiko wa ugali mkononi nikamwambia, "Baba mdogo, Bibi alisema paa aachiwe." Akanizaba kofi. Akasema, "Mtoto wa kike unanifundisha nyumba ya mama yangu?" Akarudi kazini. Udongo tulioukanyaga ukaanza kushuka kwa vipande vikubwa, vipande vyenye nyayo zetu, halafu nyasi, halafu fito. Mwanga ukaingia mahali ambapo haujawahi kuingia. Ukuta mweusi wa nyuma ukaonekana mchafu tu, na kitanda cha Bibi, nilichokuwa nimekitoa nje na kukifunika, kilikuwa kidogo kama cha mtoto. Boriti zilipoangushwa, mafundi wenyewe wakasimama wakazigonga kwa shoka, shoka linaruka. Mmoja, kijana kutoka Kilolo, akasema, "Fundi, hizi ni nzima hizi." Zakaria akasema, "Zitafaa kwa kuni." Tukazichoma. Nilipikia ugali boriti za babu, na zilikuwa na joto zuri, lisiloisha haraka.

Nyumba ikapanda. Siwezi kusema ilikuwa mbaya. Ilikuwa na kona nne, vyumba viwili, dirisha lenye ubao wa kufunga, na juu mabati ambayo Zakaria alipewa misheni walipovunja banda la nguruwe. Aliyasugua kwa mchanga mpaka yakang'aa. Mchana ndani palikuwa jiko la mkate, usiku palikuwa mtoni. Mabati yalipopoa yalitoa milio, ta, ta, na mimi niliyelala peke yangu mle nilihisi kuna mtu anatembea.

Bibi akarudishwa macho yake yamesafishwa. Naona hilo ndilo baya kuliko yote, kwamba aliona vizuri. Alisimama njiani pale ambapo nyumba inaanza kuonekana, Shangazi kamshika mkono, Shangazi naye amepigwa na butwaa. Zakaria akaenda mbio kumpokea, uso wote meno. "Mama, karibu kwako." Bibi akauliza, "Kwa nani hapa?" Zakaria akacheka, akadhani ni utani. Bibi akaizunguka nyumba kutoka nyuma, akakuta kaburi la babu lipo, akalitazama, akalisemesha kidogo kwa Kihehe neno ambalo sikulipata. Hakulia wala hakumlaani mtoto. Ningependa kuandika kwamba alimlaani. Aliuliza tu mafiga yake yako wapi, nikamwonyesha, akasema niyapeleke kwenye kibanda cha ndama, na huko ndiko alikolala. Zakaria kila siku anamwomba aingie ndani, Bibi anasema, "Nitaingia ikizoea." Chakula alikula kwa mkono wangu au wa Shangazi. Wa Zakaria alikuwa anasema ameshiba.

Mzungu alirudi. Longino alipokuja kutuambia, alikaa mbali, hakunywa togwa. Baadaye tulisikia kwamba Bwana Soksi aliona mabati yakimulika tangu barabarani, akamwuliza dereva ile ni nini inawaka bondeni kwake. Akaja na gari mpaka uani, Longino kasimama nyuma. Akashuka, akaitazama nyumba, akazunguka kama alivyozunguka Bibi. Uso wake haukuwa na hasira, na mimi nilipoona hivyo nilianza kutumaini.

"Nyumba ya mzee iko wapi?" akauliza.

Zakaria alikuwa amevaa shati jeupe. Alikuwa ameingoja siku hii. Kama angesema ni hii, tumeitengeneza, huenda tungebishana, huenda angecheka tena kama alivyocheka mwanzo. Shangazi Sekunda aliwahi, akasema, "Ni hii Bwana, tumeitengeneza tu." Bwana Soksi akamgeukia Zakaria: "Nani jenga?"

Zakaria akasema, "Mimi, Bwana. Yote mpya. Kutoka msingi. Hakuna hata mti mmoja wa zamani."

Nakumbuka kuku alipita kati yao wakati ule. Bwana Soksi akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Kazi nzuri." Zakaria akatabasamu. Mzungu akaendelea, sauti ile ile: "Lakini mimi nasema nyumba ile ikisimama. Ile hapana simama tena. Hii nyumba mpya, na nyumba mpya nasema hapana." Akamgeukia Longino. "Wewe ulijua?"

"Niliwakataza, Bwana," Longino akasema. "Hawa watu wa misheni wabishi."

Zakaria akamtazama Longino, mdomo wazi, nami nikaona kwamba hata dakika ile alikuwa anangoja amweleze Bwana. Hakuwa mwovu, baba mdogo. Alikuwa mtu anayetaka kusifiwa na mtu mwenye kofia. Watu wa aina hiyo wametuharibia zaidi kuliko waovu, na msibani wanasomewa vizuri.

Tulipewa muda wa kuvuna. Bibi alivuna mahindi yake mwenyewe, hakuacha hata gunzi. Nyumba ya tofali Bwana Soksi hakuibomoa; aliweka humo chumvi ya ng'ombe na dawa za kuogeshea, na Longino akapata maji yake bila mtu wa kumhesabia kengele. Sisi tulishuka Madibira, kwa Wasangu, alikoolewa Shangazi. Huko ni joto, ni mbu, ni udongo mweusi unaoshika mguu masika na kupasuka kiangazi. Watu walitupokea vizuri, sina neno baya juu yao. Bibi alikaa kivulini mwa kibanda cha nyasi akiangalia upande wa milimani. Siku moja nikimkanda miguu aliniuliza kama naona mvua imeshanyesha kule juu, nikasema naona mawingu. Akasema, "Kaburi la babu yako linataka kupaliliwa ikinyesha." Alikufa kabla ya mahindi ya kwanza ya Madibira kukomaa.

Shangazi alituma mtu kwa Bwana Soksi kuomba mwili upandishwe, Bibi alale karibu na mumewe. Mtu yule hakumfikia Bwana Soksi. Alimfikia Longino getini, na Longino akasema mambo ya makaburi ndani ya uzio yamekwisha. Ndiyo maana namtaja. Mengine yote ningeweza kuyaita ujinga.

Zakaria alifika kwa lori la mzigo siku ya maziko, nguo zimejaa vumbi, na ndani ya lori alikuwa na tofali na mfuko wa saruji. Tulikuwa tumeshafukia. Wanaume walikuwa wanasawazisha udongo kwa migongo ya majembe. Akazishusha tofali mwenyewe, akazipanga pembeni mwa kaburi, akavua koti, akaomba maji ya kuchanganyia saruji. Hakuna aliyekwenda kuyaleta. Akasema, sauti imekauka, "Nataka nimjengee mama kaburi zuri, mabibi na mabwana. Lisipotee."

Shangazi Sekunda alikuwa amekaa chini, miguu kainyoosha kama wafiwa wanavyokaa, kitambaa kimemshuka shingoni. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga.

"Zakaria," alisema, "usimjengee tena."

Akabaki ameshika mwiko wake wa uashi. Kisha akaingia kwenye lori upande wa mbele, akakaa humo mlango wazi mpaka watu walipotawanyika, wala hakuja kula. Tofali zilibaki pale zilipopangwa. Masika yaliyofuata nilipokwenda kupalilia kaburi sikuzikuta, na sikuuliza nani alizichukua.